Vizibo vya Pua Baada ya Upasuaji: Tathmini kwa Kumtazama Mgonjwa

Upasuaji wa kunyoosha ukuta wa kati wa pua hauhesabiwi kuwa mkubwa na wanaoufanya. Mara nyingi hauzidi saa moja na nusu, hauachi kovu usoni, na wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Hata hivyo, ukimuuliza mtu aliyefanyiwa upasuaji huo anakumbuka nini, mara chache atakutajia kisu au nusukaputi; atakutajia kile alichozibwa nacho puani, usiku aliokesha nacho, na dakika ile kilipovutwa nje. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya masikio, pua na koo jijini Dar es Salaam kwa muda mrefu, na nimewatoa wagonjwa karibu kila aina ya kizibo kinachopatikana hapa kwetu. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yule ambaye ameshapangiwa tarehe ya upasuaji na hajaambiwa kwamba vizibo viko vya aina nyingi, kwamba vinatofautiana sana kwa maumivu, na kwamba ana haki ya kuuliza atawekewa kipi, kama kuna ulazima wa kuwekewa chochote.

Sababu ya kuziba pua inaeleweka, na ni vyema ianze yenyewe. Ukuta wa kati wa pua ni gegedu upande wa mbele na mfupa upande wa nyuma, na pande zote mbili umevikwa utando laini wenye damu nyingi. Daktari huchana utando huo, huuinua taratibu kutoka kwenye gegedu, hunyoosha au hupunguza palipopinda, kisha huurudisha mahali pake. Baada ya hapo hubaki nafasi ndogo kati ya utando na gegedu, na damu ikijikusanya ndani ya nafasi hiyo huwa hatari, kwa kuwa gegedu haina mishipa yake ya damu bali hulishwa na utando unaoigusa. Utando ukisukumwa mbali na damu iliyovilia, gegedu huanza kufa katika muda wa siku chache, usaha huweza kuingia, ukuta huweza kutoboka, na mgongo wa pua huweza kubonyea kwa namna ambayo haifichiki. Tangu Otto Freer wa Chicago mwaka 1902 na Gustav Killian wa Freiburg mwaka 1904 walipoeleza namna ya kuondoa gegedu iliyopinda bila kuuharibu utando wake, wapasuaji wamekuwa wakitafuta njia ya kuubana utando huo ukae, na kwa miaka mingi jibu lililokuwa jepesi zaidi lilikuwa kujaza pua zote mbili kitu kinachokandamiza.

Tatizo ni kwamba pua iliyojazwa haipitishi hewa, na mtu hajui ni kazi kiasi gani hufanywa na pua yake mpaka siku inapofungwa pande zote mbili. Hewa inayopita puani hupashwa joto, hupata unyevu na huchujwa vumbi. Inayopita mdomoni hufika kooni ikiwa kavu. Kwa hiyo mgonjwa hulala mdomo wazi, na saa nane za usiku unamkuta ameamka, ulimi umekauka umenata kwenye kaakaa, midomo imepasuka, na anaogopa kulala tena kwa kuwa kila anaposinzia mdomo unajifunga na pumzi inakatika. Akimeza mate, masikio yanaziba kwa kishindo, kwa sababu pua iliyofungwa hugeuza kila tendo la kumeza kuwa mgandamizo unaopanda kwenye mirija ya masikio. Machozi yanamtiririka bila kulia, maana mfereji unaoyapeleka puani nao umebanwa. Chakula hakina ladha. Kichwa kinamwuma kuanzia katikati ya macho. Hapo bado hatujazungumzia kidonda chenyewe, ambacho kwa wengi hakiumi sana. Dawa ya kawaida ya maumivu hukituliza, lakini haiwezi kumrudishia mtu pumzi yake. Kwa mtu mnene, au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, jambo hili si la usumbufu tu: oksijeni yake huweza kushuka usiku, na wodi inayomlaza ikiwa na uangalifu itamwekea kipimo cha kidoleni na kumtazama hadi asubuhi.

Kwa taabu hiyo ya mgonjwa, na si kwa bei peke yake, ndivyo ninavyovipima vizibo.

Gozi ndefu yenye mafuta ndicho kizibo cha zamani kuliko vingine vilivyobaki kwenye trei zetu. Ni utepe mwembamba wa gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, uliopakwa vaselini, au uliolowekwa katika dawa ya rangi ya njano iliyochanganywa bismathi, iodofomu na parafini, ambayo daktari mpasuaji Rutherford Morison wa Newcastle aliitangaza kwa majeraha ya askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Daktari huupanga puani kwa koleo, mkunjo juu ya mkunjo, kutoka sakafu ya pua kwenda juu, na upande mmoja huweza kumeza utepe wa mita moja au zaidi. Sifa zake nazikubali: ni rahisi kupatikana, hukandamiza pale daktari anapotaka na kwa nguvu anayoitaka, na damu ikiwa inavuja kwa kasi kutoka sehemu isiyofikika, mpasuaji mzoefu mwenye gozi atafanya kazi nzuri. Kama kizibo cha kumpa kila mgonjwa aliyenyooshwa ukuta wa pua, sikipendekezi hata kidogo. Uwekaji wake huparuza utando uliotoka kushonwa, na utoaji wake ni mrefu. Namkumbuka mzee mmoja mpole, mtu wa Kilwa, aliyekaa kitini akishika bakuli chini ya kidevu wakati natoa utepe, alidhani umekwisha, akashusha pumzi, kisha akauona bado unakuja, na akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, bado mwingi?” Sikuwa na namna ya kumjibu kwa hakika, kwa kuwa aliyepanga hakuandika kwenye jalada urefu aliotumia. Jambo hilo liandikwe, tafadhali, kila mahali gozi inapotumika: urefu na idadi ya vipande. Kipande kilichosahaulika puani huoza, na mgonjwa hurudi baada ya wiki akiwa na harufu ambayo watu wa nyumbani kwake wanaihisi kabla yake. Tena iodofomu ina asili ya iodini, hivyo mwenye mzio wa iodini au ugonjwa wa tezi la shingo hana budi kulisema hilo mapema.

Sponji iliyobanwa, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Merocel, ndiyo iliyochukua nafasi ya gozi katika hospitali nyingi, na ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu, kwa kuwa mgonjwa wa hapa ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo. Ikitolewa kwenye pakiti ni kijibao chembamba kigumu, cheupe, chenye uzi mwishoni. Urefu wake kwa mtu mzima mara nyingi ni sentimita 8. Huteleza puani kwa sekunde chache, ikimwagiwa maji ya chumvi hujaa na kuvimba mpaka ikajaza nafasi yote, na uzi wake hubandikwa shavuni kwa plasta. Kwa daktari ni raha, kwa sababu haihitaji ustadi wala muda, nayo huzuia damu vizuri. Kwa mgonjwa, saa za kwanza zinavumilika kuliko za gozi, kwa kuwa mgandamizo wake umeenea sawasawa.

Shida yake iko kwenye kutoka. Sponji hii ina matundu madogo, na ndani ya siku moja au mbili damu hugandia humo na utando unaopona huanza kujishika kwenye matundu hayo, hivyo unapovuta sponji unavuta pia kile kilichoanza kupona. Nimewaona watu wazima walionyamaza kimya wakati wa sindano wakipiga kelele hapa, na nimewaona waliozimia. Kuzimia huko hakutokani na woga pekee: puani mna mishipa ya fahamu ambayo ikishtuliwa huweza kushusha mapigo ya moyo na presha kwa ghafla, na ndiyo sababu mgonjwa hatolewi sponji akiwa amesimama, wala akiwa na njaa, wala pasipo kitanda karibu. Tena damu hutoka mara inapong'oka, mara nyingi kwa dakika chache tu, lakini mtu ambaye hakuambiwa huamini kwamba upasuaji umeharibika.

Maumivu hayo kwa sehemu kubwa yanazuilika. Sponji ilowekwe kabla ya kuvutwa. Maji ya chumvi, au maji ya chumvi yenye lidokaini, dawa ya ganzi, kwa maelekezo ya daktari, hutiwa taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka sponji ilainike tena, kisha mgonjwa asubiri dakika 10 au zaidi. Dakika hizo ndizo zinazorukwa pale foleni inapokuwa ndefu, na kwa hakika hakuna kitu chenye gharama ndogo na faida kubwa kama hizo katika huduma hii yote. Dawa ya maumivu inywewe nusu saa hadi saa moja kabla, isiwe baadaye. Mgonjwa aegemee, apumue kwa mdomo, na aambiwe kila hatua. Uvutaji uwe wa kufuata sakafu ya pua kuja mbele moja kwa moja, si kwenda juu, na uwe wa taratibu ila usio na kusitasita. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nitaitoa sponji iliyolowa vizuri siku yoyote kuliko iliyokauka, na mgonjwa naye atakuwa shahidi wangu.

Njia nyingine ya kuipunguzia sponji ukali wake ni kuivalisha kidole cha glavu. Mpasuaji hukata kidole cha glavu safi ya upasuaji, huingiza sponji ndani yake, hukifunga kwa uzi imara, hupaka mafuta nje, kisha hukiweka puani. Mpira hauna matundu ya kushikwa na utando, kwa hiyo hutoka kwa kuteleza, na utafiti uliolinganisha vifaa hivi umeonyesha mara kwa mara kwamba kizibo cha glavu hakiumi sana kinapotolewa kama sponji iliyo wazi. Kwa hospitali isiyo na fedha nyingi, hiki ndicho chaguo langu kati ya vizibo vinavyojaza pua, na sielewi kwa nini hakitumiki zaidi, maana glavu zimo ndani ya kila chumba cha upasuaji kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Masharti yake ni mawili, na ninayasisitiza. Mgonjwa mwenye mzio wa mpira asiwekewe. Na uzi lazima uwe imara na ubandikwe shavuni, kwa sababu kizibo kinachoteleza vizuri kutoka huweza pia kuteleza vizuri kwenda nyuma, kikaangukia kooni mtu akiwa amelala. Wapo wanaofunga nyuzi za pande mbili pamoja mbele ya pua. Fundo hilo likikazwa juu ya ngozi iliyo kati ya matundu mawili ya pua huikata na kuiachia kidonda, basi nyuzi zifungwe juu ya kipande cha gozi au ziachwe zilegee.

Kizibo cha puto, ambacho kinachojulikana zaidi ni Rapid Rhino, kimezoeleka zaidi katika vyumba vya dharura kwa watu wanaotokwa damu puani kuliko baada ya upasuaji huu. Ni puto refu lililovikwa kitambaa ambacho kikilowa hugeuka kuwa kama ute, na ute huo husaidia damu kuganda huku ukizuia kunatana na utando. Hulowekwa katika maji safi yasiyo na vijidudu kwa sekunde 30, wala si katika maji ya chumvi, kisha hujazwa hewa baada ya kuingia puani. Faida yake ni kwamba hewa huweza kupunguzwa kidogo mgonjwa anapolalamika kubanwa, na wakati wa kukitoa hewa huondolewa kwanza, nacho hutoka kikiwa chembamba. Kwa upande wa maumivu hukishinda kizibo cha sponji iliyo wazi kwa mbali. Bei yake ndiyo inayokiweka mbali na wodi nyingi za umma, na kwa upasuaji uliokwenda vizuri sioni kwamba gharama hiyo ina maana.

Vizibo vinavyoyeyuka, kama NasoPore, vina mvuto mkubwa kwa anayesikia habari zake kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakuna siku ya kuvutwa. Hulainika polepole na kutoka vipande vipande kwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi, kwa muda wa siku kadhaa hadi wiki mbili tatu. Hilo ni jambo jema kweli kweli kwa aliye na hofu, na kwa anayeishi mbali asiyeweza kurudi kliniki mapema. Ila pua hubaki imeziba kwa muda, uchafu laini wenye rangi ya damu ya zamani humtoka mtu mbele ya wageni, na asiyesafisha vizuri huanza kunuka. Mgandamizo wake pia ni mdogo. Ni kifaa ambacho kimepata nafasi yake zaidi katika upasuaji wa sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kuliko katika ukuta wa kati.

Vibao vya silikoni havistahili kuitwa vizibo, ingawa wagonjwa wengi huvihesabu humo. Ni vipande viwili laini, kimoja kila upande wa ukuta, vinavyoshikwa kwa mshono mmoja unaopita katikati. Kazi yake ni kuushikilia ukuta ulionyooka na kuzuia utando wake usigandane kwa makovu na mikunjo ya nyama ya pembeni, jambo linaloweza kutokea pande zote mbili zikiwa na michubuko. Aina iitwayo Doyle ina mrija kila upande, na mgonjwa hupumua kupitia humo. Utofauti wa usiku wake na usiku wa mwenye sponji ni mkubwa kiasi kwamba wodini unawatambua kwa macho: mmoja amelala, mwingine amekaa. Hukaa kwa wiki moja hivi, wakati mwingine zaidi, na mirija yake hujaa kamasi lililochanganyika na damu ndani ya siku ya kwanza au ya pili, hivyo mgonjwa asiyeelekezwa kutia matone ya maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku hujikuta amezibwa vilevile na kudhani ameonewa. Kuvitoa ni kukata mshono mmoja na kuvuta. Wengi hushangaa kwamba jambo limekwisha. Ninavipenda, lakini sidai kwamba kila mtu avihitaji. Tafiti hazikubaliani kama hupunguza makovu kwa kila mgonjwa, na vinaongeza maumivu kidogo katika wiki ile kuliko kutokuwa na kitu. Nafasi yake ni pale mpasuaji amechubua pande zote mbili, utando umechanika, au gegedu imekatwakatwa na kupangwa upya, kama inavyotokea kwa vijana wanaokuja baada ya ajali za bodaboda.

Nimeliacha hadi sasa lile ambalo kwa maoni yangu linapaswa kutajwa kwanza chumbani mwa daktari, yaani mishono inayopita kwenye ukuta wenyewe. Baada ya utando kurudishwa, mpasuaji huchukua sindano ndogo yenye uzi unaoyeyuka wenyewe, huanza nyuma, hupitisha uzi kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili, hurudi, na kuendelea hivyo akija mbele, kama mshonaji wa godoro anavyoshikiza pamba isitembee. Utando unabanwa kwenye gegedu na uzi badala ya kubanwa na sponji, nafasi ya damu kujikusanya inafungwa, na mipasuko midogo iliyotokea njiani hushonwa humohumo. Pua hubaki wazi. Hakuna cha kutolewa kesho yake. Uzi huyeyuka baada ya wiki chache bila mgonjwa kujua.

Ushahidi wa njia hii si wa wodi moja. Majaribio yaliyowalinganisha wagonjwa walioshonwa na waliozibwa yameonyesha kwa ujumla kwamba walioshonwa hawaumwi sana kama waliozibwa na hulala vizuri zaidi, wala kuziba pua hakukuonekana kumkinga mtu dhidi ya damu kuvilia kuliko mshono ulivyomkinga. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu upasuaji wa kurekebisha pua, kiliwaelekeza wapasuaji wasiweke vizibo puani kwa mazoea mwishoni mwa upasuaji huo, uwe umehusisha ukuta wa kati au haukuhusisha. Lipo bado neno “kwa mazoea”, na ndilo lenye uzito: mtu anayetokwa damu isiyokoma, au mwenye tatizo la kuganda kwa damu, huenda akahitaji kizibo, na hapo hakuna mjadala. Kinachonisikitisha ni kizibo kinachowekwa kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka, kwa mgonjwa ambaye pua yake ilikuwa imekauka damu kabla hajatoka chumba cha upasuaji.

Kizuizi kinachotajwa ni muda na mkono. Mshono huongeza dakika kadhaa kwenye upasuaji, na kupitisha sindano nyuma ya pua nyembamba kunahitaji mazoezi. Hayo ni kweli, na mpasuaji mwenye orodha ndefu ya siku ana haki ya kuyasema. Lakini dakika hizo zinapowekwa kwenye mizani pamoja na usiku mmoja au miwili ya mgonjwa kutolala, kitanda alichokalia, muuguzi wa kumtoa kizibo na dawa za ziada za maumivu, sioni namna ambavyo kizibo kinakuwa nafuu. Uzi wenyewe upo tayari kwenye trei, na haulazimu kuagizwa peke yake.

Iwapo utawekewa kizibo, yapo mambo ya kuyajua ambayo hutegemea kidogo aina yake. Muda wa kawaida ni saa 24 hadi 48, na kuzidi hapo kuwe na sababu inayoelezwa. Kizibo kinachokaa puani huweza kuwa makao ya bakteria, na ipo hali adimu lakini ya hatari ambapo bakteria aina ya stafilokokasi hutoa sumu inayoenea mwilini: homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, ngozi kuwa nyekundu kama iliyoungua jua, na presha kushuka. Mwenye dalili hizo hasubiri asubuhi. Arudi hospitali usiku huohuo, na kizibo kitolewe. Usiku ulale kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu, uwe na maji karibu ya kunywa kidogo kidogo, na midomo ipakwe mafuta kabla haijapasuka. Kipande cha gozi kinachobandikwa chini ya pua kitalowa na utakibadilisha mara kadhaa. Madoa ni ya kawaida, kutiririka si kawaida. Chai na supu zinywewe vuguvugu, kwa kuwa joto hufungua mishipa ya damu. Uji na mtori ni rafiki wa siku hizi, si kwa sababu ya koo, bali kwa sababu mtu asiyepumua kwa pua hawezi kutafuna na kupumua kwa wakati mmoja. Kaa mbali na jiko la mkaa na fagio la asubuhi. Chafya ikija, ifungulie mdomo. Kamasi lisipengwe mpaka daktari aruhusu.

Wagonjwa wetu Waislamu huniuliza kuhusu swala na udhu, na mara nyingi huuliza wakiwa wamesita, kana kwamba si swali la hospitali. Ni swali la hospitali kabisa. Kusujudu huinamisha kichwa na kupandisha damu usoni, na nimeona pua zilizokuwa kavu zikianza kuvuja baada ya rakaa chache. Mgonjwa anaruhusiwa kuswali amekaa na kuashiria. Kupandisha maji puani wakati wa udhu ni sunna kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa pwani yetu, kwa hiyo kuiacha kwa muda hakuharibu udhu wao. Ningependa kila karatasi ya maelekezo inayotolewa wakati wa kuruhusiwa iwe na sentensi hizi mbili, kwa kuwa nyingi nilizoziona hazinazo.

Na kwa ambaye hakuzibwa, yaani aliyeshonwa tu, angalizo ni moja. Uvimbe wa ndani humfanya ahisi pua imebana kwa wiki ya kwanza, na hilo ni la kawaida mradi linapungua. Lakini pua ikizidi kuziba badala ya kufunguka, pande zote mbili kwa pamoja, pakiwa na maumivu yanayopanda na ncha ya pua ikiuma kwa kuguswa, huenda damu imevilia ndani ya ukuta, na inapasa kutolewa siku hiyohiyo. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba usubiri tarehe yako ya kliniki. Nenda, kaa mbele ya mtu mwenye taa na kioo cha puani, na mwombe aangalie pande zote mbili.